Kumimina Si Kupika

Kitale, Jumapili jioni

Simiyu baba,

Hali yako siulizi. Naijua: mchana umekula sahani mbili za kuku, umepigwa picha na watu wa kanisa, na sasa umeenda kwa mjomba wako kumuaga. Jinsi nyinyi wawili mnavyopenda maneno, hutarudi kabla sijamaliza kuandika. Mambo ya begi, pasipoti na sweta ya ndani ya ndege dada yako ameyasema hadi koo likamkauka, kwa hivyo sitayarudia. Nina jambo moja tu, na ningelisema mezani kama mchungaji hangekuwa ameketi katikati yetu.

Ni ule ujumbe wa Wafula. Umekaa na rafiki yako huyo dawati moja tangu shule ya msingi, sasa ni dereva Riyadh, na mimi nampenda kama mtoto wangu. Lakini uliposoma kwa sauti, "Buda, harakisha, maboyz wa hapa wanakungoja, nimewaambia mpishi wa stauti anakuja," watu wote walicheka. Mchungaji akauliza stauti ni kitu gani, ukamwambia ni aina ya kahawa, wakacheka tena. Mimi pia nilicheka. Kisha chakula kikanikwama.

Kabla ya hilo, wacha kwanza nijipe haki yangu. Hii kazi ya kumimina kahawa huko Riyadh umeipata kwa mkono wangu. Wale vijana wote waliokwenda Nairobi kufanyiwa majaribio walikuwa na vyeti, na wewe ulikuwa na cheti, lakini walipoambiwa wamimine ile kahawa baridi inayotoka kwenye bomba na gesi, wenzako walijaza povu hadi kwenye viatu vya watu. Wewe ukainamisha gilasi, ukaacha itulie, ukamalizia polepole, ikasimama na kofia yake nyeupe kama askofu. Yule mama wa ofisi akauliza, "Huyu amefundishwa wapi?" Nimewasimulia hayo watu wote wa soko, na wale walioanza kunikwepa nawafuata hadi kwenye vibanda vyao.

Sasa mwalimu wangu mimi alikuwa Mzee Konor, meneja wa klabu nilipofanya kazi ya baa kabla hujazaliwa. Alikuwa Mwairishi mwekundu kama nyanya, mpole, isipokuwa ukimimina vibaya. Wakati huo mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, na nilidhani bia ni bia. Unafungua, unamwaga, unachukua pesa. Siku ya kwanza aliniona nikimwaga stauti, ile bia nyeusi, kwenye gilasi kama mtu anayemwagia ng'ombe maji, akaninyang'anya ile chupa akasema, "Mama, hii haikukosea kitu. Mbona unaiadhibu?"

Alinifundisha mwenyewe. Gilasi iwe safi, isiwe na mafuta wala harufu ya sabuni, maana sabuni inaua povu. Uiinamishe. Umimine ukingoni hadi robo tatu. Halafu uiweke chini, uondoe mkono. Hapo ndipo watu wanashindwa, hapo pa kuondoa mkono. Ngoja mpaka lile vurugu la ndani litulie, weusi ushuke chini na weupe upande juu, vitengane kabisa. Kisha umalizie gilasi ikiwa imesimama wima, povu lipande lipite mdomo wa gilasi kidogo bila kumwagika. Wateja walikuwa wanapiga meza, "Mama, lete basi!" na mimi nawajibu, "Bado inafikiri." Msemo huo ulienea hadi Eldoret, na ulianzia kwangu.

Siku moja alileta pipa kutoka nje kwa ajili ya sherehe yao, lile la gesi ya naitrojeni. Simiyu, siku hiyo niliona maajabu. Mapovu yalikuwa yanashuka! Yalikuwa madogo kama vumbi la unga, yanateremka kando ya gilasi badala ya kupanda. Utayaona hayo hayo kwenye kahawa yako. Konor alisema kwao ndivyo inavyonywewa, laini kama maziwa, tena haina nguvu kama inavyoonekana. Hii yetu ya chupa ndiyo kali, kwa sababu zamani bia ya kusafirishwa mbali kwa meli ilipikwa na nguvu zaidi ili isiharibike njiani. Kwa hivyo Mwafrika akiona ya kwao anasema ni maji, na Mwairishi akionja ya hapa anatafuta kiti.

Na historia yake aliniambia. London kulikuwa na wapagazi, watu wa kubeba mizigo sokoni na mtoni, walipenda bia nyeusi hadi ikaitwa kwa jina la kazi yao. Ile iliyokuwa na nguvu kuliko nyingine ikaitwa stauti, yaani imara. Waairishi wakaichukua, wakaipika Dublin hadi watu wakasahau ilikotoka. Konor alisema serikali ya Kiingereza ilikuwa inatoza ushuru kwenye kimea, basi wapishi wakaanza kutia shayiri isiyooteshwa, iliyokaangwa tu hadi ikawa nyeusi. Kama ushuru ndio sababu, mimi sijui, maana Konor akigusa serikali ya Kiingereza alikuwa anaongeza chumvi. Lakini shayiri ya kukaangwa ni kweli, na ndiyo inayoleta ule uchungu wa kahawa. Nikamwambia, "Hata sisi Wabukusu tunakaanga unga kwenye karai kabla ya kutia kimea cha busaa, pombe yetu ya nyumbani." Alifurahi, akanishika mkono kama tumegundua sisi ni ndugu. Hakujua kwamba hata hiyo busaa mimi sijawahi kupika. Kukhu wako, yaani mama yangu, aliokoka, akavunja mitungi kabla sijafika umri wa kukoroga. Lakini Konor alinitazama kama mtaalamu, na mimi nikakaa kama mtaalamu.

Kumbuka hapo. Sikumwambia sijui.

Utamu wake unaujua, ingawa ulionja ukijificha na mimi nikijua. Kwanza povu, ambalo halina ladha kubwa, ni kama mto wa kulaza ulimi. Halafu ladha ya kukaangwa, uchungu, uchachu kidogo kwa mbali. Halafu unakatika. Ndiyo maana wanaiita kavu, haiachi sukari mdomoni, inakuacha unataka nyama choma. Na ukiinua gilasi kwenye mwanga utaona si nyeusi, ni nyekundu iliyokolea. Wengi wameinywa miaka thelathini bila kuinua gilasi. Wanachojua ni kuuliza "ya baridi ama ya moto?" na wengine kuitia soda. Konor akiona mtu anatia soda alikuwa anaenda kusimama nje. Na wale wanaosema inaongeza damu, waache. Nilipokuzaa shangazi yako aliniletea chupa mbili hospitalini, nesi akamfukuza nazo, na damu yangu ilirudi kwa mboga na maini.

Sasa Jeddah.

Wewe unajua nilikwenda wakati umeingia kidato cha kwanza. Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa mtaa wa Rawda, nyumba kubwa, na madam alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia Saudia wanataka kusikia kipigo. Yule hakunipiga. Alinipa chumba chenye dirisha, na kila Ijumaa baada ya chakula alinipa simu yangu niongee na wewe hadi chaji iishe. Ulikuwa unanisomea alama zako. Nilikuwa nazisema jikoni kwa watoto wa madam, kwa dereva, kwa mtu wa gesi. Hadi mtoto mdogo wa madam aliweza kutamka "Simiyu, hisabati, A."

Huko pombe ni mafi, hakuna, hilo unalijua. Lakini wana kinywaji cha shayiri kisicho na kileo, kiko kwenye chupa kama ya bia, na kuna aina moja nyeusi. Ijumaa moja ndugu wa madam alikuja kula, kijana aliyesoma ng'ambo, pamoja na mama yao. Madam akaniambia nitoe vinywaji. Alikuwa na gilasi mpya, ndefu, nyembamba chini, pana juu. Simiyu, nilipoishika tu hiyo gilasi mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikainamisha. Nikamimina robo tatu. Nikaweka chini, nikaondoa mkono, nikangoja. Watu wote wananitazama. Mtoto akasema, "Yalla, Mama Simiyu!" nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni angoje, inafikiri. Nikamalizia. Povu likasimama.

Yule kijana alicheka hadi akashika kifua. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Dada, umejifunzia wapi hii?"

Hapo ndipo ningesema, "Nyumbani." Neno moja. Badala yake nikanyoosha mgongo. "Kenya. Baa. Miaka kumi. Namba moja."

Akaacha kucheka. Mama yao, bibi mzee, akamvuta mkono: anasema nini huyu? Kijana akanitazama, nikaona anatafuta njia ya kuniokoa. Akamwambia mama yake kwa Kiarabu kwamba mimi nilifanya kazi hotelini. Neno hoteli nikalisikia. Na mimi, mama yako, nilishindwa kuvumilia kushushwa cheo. Nikasema kwa sauti, "La, la! Mafi hoteli! Baa! Bira!"

Hiyo kila mtu alielewa.

Bibi akaweka gilasi chini taratibu kama yai. "Halas," akasema, yaani basi, imekwisha. Gilasi zote zikarudi jikoni zimejaa, na povu bado limesimama, maana nilikuwa nimemimina vizuri.

Madam hakunigombeza. Kesho yake alikuja jikoni, akasema mama yake hawezi tena kula kwenye nyumba hii mimi nikiwa ndani, na hawezi kumwambia mama yake hapana. Kafili, yaani mdhamini wangu, alikuwa mumewe, na ikama, kibali changu cha kukaa, ilikuwa mikononi mwake, kwa hivyo sikuwa na pa kubishana. Wakanipeleka Riyadh, kwa dada ya mumewe, kumtunza mzee mgonjwa na kufua. Huko simu ilikuwa mara moja kwa mwezi, dakika chache, mtu amesimama mlangoni.

Huo ndio mwaka wako wa kidato cha pili. Ndio mwaka ambao baadaye uliniambia ulidhani nimepata familia nyingine. Nilikuambia ilikuwa shida ya mtandao. Haikuwa mtandao. Ilikuwa ni mdomo wangu.

Na ungedhani nilijifunza. Sikujifunza.

Pale Riyadh kulikuwa na dereva wa kwetu, Khaemba wa Kiminini. Habari za Jeddah zilimfikia, kwa sababu habari za aibu hupanda gari kabla yako. Akaja nikianika nguo. "Mama, wanasema wewe ni mtaalamu wa bia. Sisi tunataka kujipikia kidogo ya Krismasi, kwa chumba chetu huko nyuma. Tuna vile vinywaji vya shayiri, tuna sukari, tuna hamira. Tuambie."

Simiyu, mimi nilijua kumimina. Kupika sikujua hata kidogo. Ningesema, "Khaemba, sijui, na hata wewe achana nayo." Mara mbili nilifungua mdomo niseme. Lakini yeye alikuwa ameniita mtaalamu, na tangu nifike Riyadh hakuna aliyeniita kitu isipokuwa "wewe, njoo." Basi nikaegemea ukuta, nikamwambia maneno ya Konor niliyoyakumbuka nusunusu: hamira ni ipi, joto liwe vipi, chombo kifungwe hivi. Niliongea vizuri sana. Alikuwa anaitikia kama mwanafunzi. Alipoondoka nilimalizia nguo nikiimba.

Joto la Riyadh si la Dublin. Jerikeni lilipasuka mchana, harufu ikajaa ua mzima, na mwenye nyumba hakuhitaji kuambiwa ni nini. Polisi walikuja. Khaemba na wenzake wawili walichukuliwa, na mimi nilikaa na mzee wangu mgonjwa chumbani nikimlisha uji, kijiko kinagonga meno yake, nikingoja mtu aje kuniuliza. Hakuna aliyekuja. Khaemba hakunitaja. Alifungwa, akarudishwa kwao bila kitu, hata viatu alivyovaa si vyake. Siku hizi anauza mahindi Kiminini. Tukikutana ananisalimu kwa heshima, "Mama, watoto hawajambo?" na mimi naondoka upesi, sipendi nione usoni mwake kama anakumbuka.

Ndiyo maana chakula kilinikwama.

Wewe si kama mimi, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mimi nilikuwa najifanya. Wewe unajua kweli. Ile ndoo uliyopika Krismasi nyuma ya nyumba, baada ya kusoma kwenye simu yako miezi mitatu, ilikuwa stauti. Nimeonja nyingi, najua. Ilikuwa na uchungu wake, ilikatika vizuri, na uliiinua kwenye mwanga ikawa nyekundu. Ningekuwa na namba ya Konor ningempigia. Basi maboyz wa Wafula watakuja kwako na majerikeni, na hawatakuja kwa ubaya. Watakuja kwa kukusifu. Watakuwa wamechoka, ni Krismasi, wako mbali na mama zao, na watasema, "Simiyu, ni wewe tu unayeweza." Hukumu ya kitu hicho huko unaijua, na kwa hilo nakuamini. Kwa sifa ndipo sikuamini. Umenyonya kwangu.

Kumimina ni kazi yako, mimina. Hiyo kahawa imimine hadi wapige picha. Wakikuuliza umefundishwa na nani, sema mama yangu, na hapo funga mdomo. Hakuna Mwarabu atakayekuuliza zaidi ukishamtaja mama. Ningelijua hilo Rawda, ningebaki na Ijumaa zangu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikampigia Wafula. Ngoja nikuandikie ilivyokuwa, usije ukasikia kwake yamegeuzwa.

"Mama Simiyu! Kitale mnasemaje?"

"Kitale ni kuzuri. Wafula, wewe umewaambia watu mwanangu ni mpishi wa stauti?"

"Si alipika Krismasi, mama? Si ni wewe ulinitumia picha?"

Ni kweli. Nilituma kwake, na kwa kwaya, na kwa mwalimu wako wa kemia.

"Ile tulinunua chupa tukamwaga kwenye ndoo," nikamwambia, "tukapiga picha."

"Ati?"

"Umesikia. Simiyu anajua kumimina. Kupika hajui."

"Mama, wacha mchezo. Hata uliandika, 'Hakuna Mkenya mwingine anaweza.'"

"Niliandika. Sasa nakuambia hawezi. Akiwapikia mtakufa tumbo."

Nilisikia magari ya huko nyuma yake, honi zile zile.

"Wafula, umenijua miaka mingapi?"

"Tangu nikiwa na kamasi, mama."

"Umewahi kunisikia nikisema kuna kitu mtoto wangu hajui?"

"Hapana. Hata ile hesabu aliyoanguka ulisema mwalimu alishika karatasi juu chini."

"Basi leo umesikia."

Kisha akasema, bila kucheka, "Sawa, mama. Halas. Nitawaambia hajui."

Kwa hivyo, baba, ukifika Riyadh ufike ukijua kwamba hujui. Wakikusukuma, inua mabega, waambie, "Mnamjua mama yangu, huongeza chumvi." Watakucheka siku mbili tatu na itakuuma, kwa sababu unajua ungeweza, na ungewapikia kitu ambacho hawajawahi kuonja tangu wazaliwe. Wacha ikuume. Hapa nyumbani nitakusifu mpaka majirani wahame. Lakini huko, kwa jambo hili moja, mimi nimekwisha kukubali kuitwa mwongo. Usinitoe katika uongo wangu.

Mama yako,
Mama Simiyu